Wifi, Chinja Hao wa Uzi Mweupe

Mlioanza nami mnajua niliwaacha wapi. Nimekaa kwenye kochi la wifi yangu Rahabu kule Ihanja, mbele yangu kuna kibakuli cha mayai ya kware, na mayai yenyewe yamechemshwa.

Aliyeshika gazeti leo kwa mara ya kwanza nampa kwa kifupi, maana kurudia yote kunanipandisha presha. Naitwa Yasinta, naishi Mwankoko, Singida. Nilifuga kware kwa miaka, watu wakinicheka kwamba katika mkoa huu wa kuku mimi nahangaika na kindege cha kutia mfukoni. Ila mimi sikufuga tu. Nilichagua. Kila kizazi kikikomaa nawapima, mkubwa na mtagaji nambakiza, mnyonge anaingia chunguni. Nikaendelea hivyo mpaka nikapata kware ambao ukimshika mmoja mkono unajaa. Hiyo ilikuwa mbegu yangu na hakuna mtu aliyenipa.

Nikaenda Manyoni kumuuguza mama. Niliporudi nikakuta mabanda matupu. Mume wangu Nathan alikuwa amempa dada yake Rahabu ndege wote, majogoo kwa majike, na mashine ya kutotolesha juu. Nilipomuuliza akanijibu bila kunitazama, "Ndege tu hao, mke wangu. Utafuga wengine."

Ndege tu hao! Nathan zamu yake itafika, msinisukume.

Basi nikajishusha. Nikaenda Ihanja kumwomba Rahabu mayai machache tu, nitotoleshe, nirudishe mbegu yangu. Akaingia jikoni akakawia. Akatoka na kibakuli kinachofuka moshi.

"Kula hapahapa wifi, yasije yakakupasukia njiani."

Kuna wasomaji walionitumia ujumbe wiki hii wakisema nisamehe. Asanteni sana. Lakini nyie hamjachemshiwa mayai.

Sasa nisikilizeni. Mayai yale niliyala. Nilimenya moja, nikachovya chumvi, nikamenya jingine, huku Rahabu ananiangalia kama mtu anayetazama sinema ya bure. Nilipomaliza nikamwambia, "Asante dada, yameiva vizuri." Nikaaga. Nilipofika barabarani nikajiapiza kwamba Rahabu atalia, na atalia mimi nikiwepo.

Nitamlizaje? Hilo sikulijua. Nikakaa nikasubiri.

Kusubiri kwenyewe ilikuwa adhabu. Kila asubuhi nikifungua simu nakutana na picha zake. "Kware wa Mama Rahabu, mbegu kubwa." Mbegu yangu hiyo, imepigwa picha na yeye amevaa kitenge kipya, jogoo wangu kamkumbatia kifuani. Watu wanampongeza. Wengine ni majirani zangu mwenyewe wa Mwankoko waliokuwa wakinicheka!

Mwaka ukaenda hivyo. Siku moja ya Jumamosi nasikia hodi.

"Karibu," nikasema, na aliyeingia ni yeye Rahabu, ameshika boksi la sabuni.

"Shikamoo dada." Rahabu ni mkubwa kwa Nathan, kwa hiyo shikamoo nampa hata angenichomea nyumba.

"Marahaba wifi. Kaa hapa. Ndege wetu wana shida."

Wetu! Mmesikia?

"Shida gani, dada?"

"Kuna mkono wa mtu. Mayai hayatotoi. Naweka mashine inajaa, wanatoka wachache, na hao wanaotoka ndio hawa." Akafungua boksi.

Nikachungulia. Vifaranga vilikuwa vimekaa kwa tumbo. Kimoja vidole vimejikunja hakiwezi kusimama. Kingine mdomo wa juu umekwenda kushoto, wa chini umekwenda kulia. Hata wale waliokomaa aliokuja nao walikuwa wadogo, wamesinyaa, manyoya hayakulala vizuri.

"Nimeshaombewa," akasema Rahabu. "Nimebadilisha na chakula. Mashudu ya alizeti nawapa, dagaa nawapa. Hakuna kitu."

"Kwani kwenye kupandisha unawachanganyaje?"

Akaniangalia kama nimemuuliza jina la baba yake. "Mimi si mjinga wifi. Wale wa uzi mwekundu nimewajengea banda lao peke yao. Majogoo wekundu, majike wekundu. Sitaki wachanganyike na takataka. Si ndio uliowachagua kuwa bora, ukawafunga nyekundu?"

Nikainama nijifanye natazama vifaranga. Nilikuwa najificha uso nisicheke.

Ngoja niwaeleze nilichokuwa nakijua mimi na yeye hakijui. Zile nyuzi nilizofumua kwenye masweta makuukuu nikawafunga ndege miguuni hazikuwa za ubora. Zilikuwa ni koo. Sisi Wanyaturu mtu haoi ukoo wake. Kijana akisema amempata mchumba, wazee kabla hawajauliza kama anajua kupika wanauliza ni wa ukoo gani. Na mimi kware wangu niliwapa koo vilevile. Waliotoka kwa mama mmoja niliwafunga nyekundu, wa mama mwingine nyeupe, wa tatu nyeusi. Jogoo mwekundu anamwoa jike mweupe, mweupe anamwoa mweusi, na hakuna kaka anayelala na dada. Hiyo ndiyo siri yote ya kware wangu kukua bila kuharibika.

Rahabu amezaliwa kwenye nyumba hiyohiyo ya kuulizana koo. Yeye mwenyewe alimkatalia mwanawe wa kiume mchumba kwa sababu bibi zao walikuwa ndugu. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba ndege naye ana ukoo. Aliona uzi mwekundu kwenye mguu wa ndege mkubwa akadhani ni nishani. Weusi aliwala mapema kwa sababu ni wadogo wa umbo, weupe akawatupa banda la nyuma, na wekundu akawaoza ndugu kwa ndugu, watoto wao wakaoana tena, na wajukuu nao wakaoana.

"Wale weupe bado unao?" nikamuuliza.

"Wapo huko nyuma. Wanataga, lakini hawana umbo."

Basi dawa ilikuwepo. Kumbe yule mama alikuwa ameikalia. Angechukua majogoo weupe awapandishie majike wekundu, na majogoo wekundu awape majike weupe, vizazi viwili tu ndege wangesimama. Nakiri mbele yenu, nilifungua mdomo kumwambia. Neno lilishafika kwenye ulimi.

Rahabu akaangalia saa. "Fanya haraka wifi, nina wageni nyumbani. Tena usidhani nimekuja kukuomba. Kwako hawa walikuwa vijindege tu vya uani. Mimi ndiye niliyewafanya wajulikane."

Nikaumeza ule ukweli ukashuka mpaka tumboni.

"Dada," nikasema, na sauti yangu ikatoka laini mpaka nikajishangaa. "Nimeshaona tatizo. Ni hao wa uzi mweupe."

"Weupe?"

"Wana damu mbaya. Unafikiri niliwafunga uzi wa nini? Nilikuwa nimewatia alama niwaondoe, mama akaumwa nikasafiri. Ndio wanaowaambukiza wenzao. Hata wakikaa mabanda tofauti, hewa ni moja."

Rahabu akashika mdomo. "Yesu wangu! Na mimi nimewaweka pale pale!"

"Wachinje. Wote, usibakize."

"Na wekundu?"

"Endelea hivyohivyo dada, hapo ulipatia sana. Tena uwachague wale wanaofanana kabisa, ndio uwaoze."

Akafunga boksi lake akaondoka. Hata asante hakusema.

Kuna atakayesema, Yasinta, na mbegu yako je? Nilijua ninachokiua, msinifanye mtoto. Kware wale hawakuwepo kwingine kokote. Weupe wakiisha, wekundu wanafuata kwa kuoana wenyewe kwa wenyewe, na kazi yangu yote ya miaka inafutika. Nikasema ifutike. Heri ife kuliko iendelee kuitwa ya Rahabu.

Jumapili yake baada ya ibada simu ya Nathan ikaita. "Dada anatualika Ihanja," akaniambia, meno yote nje. "Amechinja kware wengi. Anasema uje wewe hasa."

Ningekataa? Nilivaa gauni langu la sikukuu.

Tulikuta meza imejaa. Ugali, mchuzi wa kware, mlenda pembeni. Rahabu mwenyewe ndiye aliyenipakulia, akaniwekea aliyenona kuliko wote. Nathan ananyonya vidole, anasema, "Kumbe kware ni watamu hivi!" Mwanamume huyu alikaa na kware nyumbani kwake miaka yote ile asijue utamu wao, kwa sababu mimi wazuri nilikuwa nawatunza.

Nikala. Nilimtafuna ndege yule mpaka mfupa. Sitawadanganya, uchungu ulikuwepo. Mama yake na bibi yake niliwatotolesha kwa mkono wangu, wengine niliwapasulia ganda kwa kucha walipokwama. Lakini nikiinua macho namwona Rahabu anacheka, hajui kwamba kilichomo kwenye sufuria ni bahati yake mwenyewe, uchungu unaondoka na njaa inarudi. Niliomba niongezewe mchuzi.

Wakati wa kunawa mikono akanisogelea na birika. "Wifi," akasema taratibu, "mimi nilikufanyia vibaya siku ile. Wewe mwenzangu umekuja kuniokoa."

"Sisi ni ndugu, dada," nikamjibu, nikamchekea jino pembe.

Basi ikaanza.

Kwanza picha zikakoma kwenye simu. Asubuhi ya kwanza nilidhani mtandao ndio mbaya. Kisha mwenye hoteli mmoja wa mjini, aliyekuwa akichukua kware Ihanja, akapita Mwankoko kuniuliza kama mimi ninao. "Wale wa yule mama siku hizi ni kama panzi," akasema. "Mteja anaona mfupa tu."

"Mimi sina, baba," nikamjibu. "Waulize wenyewe wenye mbegu kubwa."

Halafu akaja Anastazia, anayeimba kwaya moja na Rahabu. Mtu huyu umbea haumkai. Hata kiti hakusubiri.

"Wifi yako amefungua ile mashine juzi. Hakuna kilichototoa, hata kimoja! Mayai yameoza, yamepasukia humohumo. Harufu imefika mpaka kwa mchungaji. Na kwaya ameacha, anasema sauti imekauka."

Nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Anastazia akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia sijambo, nimekumbuka tu jambo la zamani. Alipoondoka nikajipikia chai ya maziwa nikaweka sukari ya kutosha, nikainywa nimekaa kibarazani kama bibi harusi.

Kilichobaki kilikuwa kimoja tu: alie mbele yangu.

Na alikuja kulia. Hapo ndipo niliposhikwa pabaya.

Ilikuwa mchana, nimekaa uani napepeta alizeti, Nathan yuko pale anagongelea mguu wa meza. Gari dogo la mizigo likasimama. Rahabu akashuka. Amekonda, kitenge kimemning'inia. Nyuma yake dereva anashusha matenga, tenga baada ya tenga, na nyuma ya dereva yuko mzee mmoja aliyevaa buti za mpira, amebeba kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Nathan akanong'ona kwamba huyo ni Antipasi, bwana mifugo wa kule kwao.

Nikainuka. "Shikamoo da..."

Sikumaliza. Rahabu alikuwa amepiga magoti kwenye maganda ya alizeti. Mtu ninayempa shikamoo! Kapiga magoti mbele yangu, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Inuka, dada. Unaniletea mkosi."

"Siinuki. Nathan, njoo uwe shahidi. Ndege hawa ni wa Yasinta. Niliwachukua kwa tamaa yangu na Mungu amenionyesha. Nimewarudisha wote, na mashine nimeirudisha. Jumapili nitasimama kanisani niseme mbegu hii aliitengeneza nani. Wifi, ulikuwa na haki ya kunifukuza ulipoona nimekuja na lile boksi, ukanishauri. Ukaja ukala mezani kwangu. Sijawahi kuona moyo kama wako."

Nathan akainamisha kichwa. Hata yeye alikuwa karibu kulia.

Na mimi? Nilifungua tenga la kwanza. Wekundu. Nikafungua la pili. Wekundu. Vidole vimejikunja, migongo imepinda, wengine hawaoni. Kaka na dada na kaka na dada mpaka tenga la mwisho. Nilichokililia mwaka mzima kimerudi uani kwangu, na dawa yake nilikuwa nimeila kwa ugali nikaomba mchuzi wa kuongeza.

Nilikaa chini. Nilitaka Rahabu alie mbele yangu, sasa tukawa tunalia wawili. Yeye akadhani ninalia kwa furaha, akanikumbatia.

Yule mzee Antipasi akakohoa.

"Samahani akina mama. Mimi nimekuja kwa jambo langu." Akaweka kikapu chini, akafunua kitambaa. "Huyu mama alipochinja wale ndege wa nyuma, aliniletea wawili wazima niwafanye kitoweo. Nikawaangalia, sikuona sababu ya kuwachinja. Nimekaa nao mpaka leo."

Nikatazama ndani. Jogoo na jike. Wamenona, macho yanang'aa, vifua vimejaa. Miguuni wana uzi mweupe.

Moyo ulinilipuka. Mbegu yangu ilikuwa hai! Jogoo yule kwa majike wekundu, na jike yule kwa jogoo mwekundu mwenye nafuu, na kazi yangu yote inasimama tena. Nilinyoosha mikono yote miwili.

Rahabu akanitangulia. Akamtoa jogoo kikapuni, akamshika mabawa.

"Mwambie ulichoniambia njiani," akamwambia Antipasi, sauti imebadilika. "Mwambie mwenyewe usoni."

Mzee akavua kofia. "Mama, mimi nimesema hivi. Ndege hawa ni wazima kuliko wote waliomo kwenye matenga. Aliyeshauri wachinjwe, ama hajui ndege, ama anawajua vizuri sana."

"Na mimi nimemwambia afunge mdomo wake!" Rahabu akafoka. "Wifi yangu hawezi. Mtu anayekutakia mabaya anakula kwako? Anaomba na mchuzi?"

"Sijamtukana mtu," akasema Antipasi. "Nina swali moja tu na nitaondoka. Mama Yasinta, nyuzi hizi ulizifunga za nini?"

Nathan aliacha nyundo. Wote watatu wakanigeukia.

Ningesema ni koo, basi nimesema yote. Rahabu angejua, Nathan angejua, Jumapili kanisa zima lingejua, na ndege wangerudi Ihanja leo leo, safari hii kwa haki. Ningesema ni za ugonjwa, basi nimewahukumu wale wawili. Nikavuta ungo wangu nikaanza kupepeta tena.

"Unaona? Umemtia uchungu bure," Rahabu akamwambia mzee. Akainama kando yangu akaokota kisu cha mboga. Akamlaza jogoo juu ya jiwe la kufulia, akamkanyaga mabawa, akaanza kumnyonyoa manyoya ya shingoni. "Wifi aliniambia wana damu mbaya, nisibakize. Mimi nikakosea nikawapa watu. Sasa siwezi kumrudishia ndege wake halafu nimwachie na ugonjwa. Namalizia hapahapa, bwana Antipasi uone mimi namwamini nani."

"Subiri kwanza mama," akasema mzee. "Mwache ajibu."

Rahabu akanitazama. Macho yake yalijaa upendo, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Kisu kilikuwa kimeshagusa ngozi. Jogoo wangu ametulia, hata hapigani, ananiangalia kwa jicho moja.

"Sema wifi," akasema Rahabu. "Nichinje, nisichinje?"